Kulipia Chanjo Kabla ya Zamu Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Lamu

Korona ilipotangazwa Kenya Machi 2020, dunia nzima haikuwa na chanjo. Mwaka mmoja baadaye chanjo zikafika zikiwa chache, na hapohapo watu wakaanza kuulizana kama mwenye pesa hawezi kujitafutia yake. Swali hilo litarudi kila maradhi mapya yakibisha hodi. Majibu yaliyo hapa ni ya watu wa Lamu, maana mengi yanayoandikwa juu ya jambo hili humfikiria mtu wa Nairobi ambaye akitoka nje ya nyumba yake tu kliniki anaiona. Mtu wa Ndau au Kiunga hafikiriwi.

Je, sheria ya Kenya inakataza kulipia chanjo?

Siku za kawaida, la. Homa ya manjano kwa msafiri, homa ya ini, mafua, uti wa mgongo kwa anayekwenda Hija au Umra: mtu akitaka kulipia hospitali ya binafsi hulipa, akapewa kadi yake, na hajamdhulumu yeyote. Chanjo za watoto kama polio, surua na kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na tangu Oktoba 2019 msichana wa miaka 10 hupata bure chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

Wakati wa janga mambo hubadilika. Machi 2021 Bodi ya Famasia na Sumu iliidhinisha chanjo ya Urusi, Sputnik V, kwa matumizi ya dharura, na kampuni ya binafsi ikaiingiza nchini. Bei iliyotajwa magazetini ilikuwa karibu shilingi 8,000 kwa sindano moja, na sindano ni mbili. Watu wenye majina wakajitangaza kwamba wameshachanjwa. Haikuchukua muda. Tarehe 2 Aprili 2021 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akapiga marufuku sekta ya binafsi kuagiza, kusambaza na kudunga chanjo za korona. Tangu siku hiyo serikali ikawa ndiyo mlango pekee.

Ikiwa ilishaidhinishwa, mbona ikakatazwa?

Wizara ilitaja hofu ya chanjo ghushi kupenyezwa nchini, na haja ya uwazi na uwajibikaji. Kwa maoni yangu la uwazi ndilo zito zaidi. Chanjo mpya hufuatiliwa kwa nambari ya toleo iliyoandikwa kwenye kichupa. Machi hiyohiyo ya 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca zichunguze visa vichache vya damu kuganda. Waliweza kuchunguza kwa sababu walijua nani kadungwa nini na lini. Kila kliniki ikiwa na daftari lake la siri, siku tatizo likizuka hakuna wa kuwatafuta waliochanjwa.

Halafu kulikuwa na hesabu ambayo haikufichika. Shehena ya kwanza ya COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, iliyofika mwanzoni mwa Machi 2021 ilikuwa na dozi milioni 1.02. Kwa sindano mbili kila mtu, hizo ni za watu 510,000, katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019. Waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, walimu na polisi. Nesi aliyekuwa wodini na wagonjwa wa korona alikuwa akisubiri zamu yake, huku mtu asiyemgusa mgonjwa hata mmoja akionyesha picha ya mkono wake uliochanjwa. Hasira ya watu ilikuwa ya haki.

Kwani Sputnik V ilikuwa chanjo mbaya?

Matokeo yaliyochapishwa na jarida la tiba la The Lancet Februari 2021 yalionyesha uwezo wa kinga wa asilimia 91.6. Kasoro ilikuwa kwingine: Shirika la Afya Duniani halikuwahi kuiingiza katika orodha yake ya chanjo za dharura za korona. Na dozi zake mbili hazifanani. Ya kwanza imebebwa na aina moja ya kirusi, ya pili na aina nyingine, na kati yake siku 21. Aliyelipia ya kwanza bila hakika ya kuipata ya pili alikuwa amenunua nusu.

Mimi nikilipa, si nitakuwa nimewapunguzia wengine foleni?

Hili ndilo swali ambalo watu wema huliuliza, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Ingekuwa hivyo kama chanjo zingekuwa nyingi na tatizo ni msongamano mlangoni. Katika miezi ya mwanzo ya janga uhaba huanzia kiwandani. AstraZeneca iliyoletwa Kenya ilitengenezwa na Serum Institute ya India, na India ilipozidiwa na wagonjwa mwaka 2021 ikazuia chanjo zisitoke nje. Kenya ikalazimika kusogeza sindano ya pili kutoka wiki 8 hadi wiki 12. Kiwanda kikiwa na uwezo wa kutengeneza kiasi fulani tu, kichupa kinachouzwa kwa mlipaji mmoja hakipo tena kwa mwingine. COVAX ilikubaliana na Serum Institute bei isiyozidi dola 3 kwa dozi. Watengenezaji wa Sputnik walitangaza bei ya chini ya dola 10. Linganisha na zile shilingi 8,000 za kliniki, kisha ujiulize muuzaji atamkimbilia nani.

Uangalie na walioruhusu soko. India ilizitengea hospitali za binafsi robo ya chanjo mwaka 2021, na Juni ikaziwekea bei ya juu kabisa: rupia 780 kwa AstraZeneca ya huko, 1,145 kwa Sputnik. Sehemu kubwa ya robo hiyo ilinunuliwa na hospitali chache za miji mikubwa. Vijijini zilifika chache mno.

La pili ni mikono. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, wametawanyika visiwani na bara hadi karibu na mpaka wa Somalia. Wauguzi ni wachache. Anayedunga kwa malipo jioni ni yuleyule aliyepaswa kupanda boti alfajiri kwenda Siyu, na hawezi kuwa pande zote mbili.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Wenye sauti wakishapata zao, nani atabaki kuwapigia simu wakubwa kuuliza mbona Kiwayu haijafikiwa? Tajiri na maskini wakiwa foleni moja, tajiri huifuatilia ile foleni kwa manufaa ya wote wawili. Akitolewa kwa mlango wa nyuma, foleni imepoteza mtetezi.

Mamangu ana miaka 72 na kisukari, anaishi Kizingitini. Hata yeye nisimlipie?

Mama yako alistahili kuwa mbele tangu mwanzo. Mwaka 2021 watu wa miaka 58 na zaidi waliingizwa kwenye zamu kuanzia mwisho wa Machi, na chanjo yao ilikuwa bure. Kwa hiyo kilichomzuia mama wa Kizingitini hakikuwa bei ya dozi. Ilikuwa bahari na nauli.

Anayeishi hapa anajua. Boti ya kutoka Pate kuja Amu, yaani mji wa Lamu, hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika vizuri maji yakijaa. Maji yakipwa, unangoja. Aliyechanjwa Machi 2021 sindano yake ya pili iliangukia Juni, katikati ya kusi, bahari imechafuka na hakuna mwana anayependa kumpakia mzazi wake botini. Zile 16,000 ambazo ungempa muuzaji wa dozi mbili zingefanya kazi kubwa zaidi kama nauli. Tena mara nyingi huna haja ya kumvusha hadi Amu: hospitali ya Faza iko kisiwa hichohicho cha Pate.

Utaratibu ambao ningemshauri ndugu yangu ni huu. Piga simu kwanza uhakikishe chanjo ipo na siku gani wanafungua kichupa, maana safari ya bure humkatisha mzee tamaa asirudi tena. Ukishakodi boti au pikipiki kwa ajili ya mama, waulize na majirani wenye wazee. Nafasi ya watu wanne wengine haikuongezei gharama ya maana. Mpe mama kadi yake ya kliniki ya kisukari aende nayo, na asikatishe dawa zake kwa kudhani chanjo inatosha.

Ninaelewa, lakini pesa ninazo na nataka zifanye kitu. Nizipeleke wapi?

Zipeleke kwenye safari. Petroli ya boti, nauli na chakula cha wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba hadi nyumba, barafu ya makasha. Ndau, Kiwayu na Kiunga hufikiwa kwa gharama kubwa kuliko Mokowe. Vijiji vya Waaweer kama Basuba na Mangai viko ndani ya msitu wa Boni, na usalama wa njia umekuwa taabu kwa miaka mingi. Kule, siku ya chanjo ikiahirishwa kwa kukosa mafuta, watu wamekosa kwa wiki nyingi.

Toa kupitia ofisi ya afya ya kaunti au kamati ya kituo cha afya, na udai risiti. Usiweke mkononi mwa mtu mmoja, hata kama unamwamini, kwa sababu siku jina la mama yako litakapotokea juu ya orodha watu watasema umenunua.

Kama dozi zingeuzwa tu, zisingetufikia Lamu?

Zingefika, lakini zikiwa katika hali gani? Sputnik ya maji ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. AstraZeneca ilitaka nyuzi 2 hadi 8, na isigande kabisa. Mvuvi wetu amezoea kwamba samaki akizidishiwa barafu ndiyo salama yake, naye anaweza kudhani chanjo ni vivyo hivyo. Chanjo isiyotakiwa kuganda ikigusana na barafu ikaganda imeharibika, na kwa macho huenda usiijue. Inaonekana safi, inadungwa, na huenda isikinge. Ndiyo maana muuguzi wa chanjo husomea kupanga vibarafu ndani ya kasha na kuandika joto la friji asubuhi na jioni.

Muuzaji wa kuchukua dozi kumi kwenye kibegi, kwa basi kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen, halafu boti ya Mokowe, atakuonyesha nini kuthibitisha joto la njiani? Mimi nisingemkubalia mkono wangu.

Nesi ameniambia jioni dozi zimebaki. Nikienda nitakuwa nimeruka foleni?

Hapana, nenda. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10, na kikishafunguliwa hutumika ndani ya saa 6. Wakija watu saba, tatu zitamwagwa. Kuzidunga kwa yeyote aliye karibu ni bora kuliko kuzitupa, na kituo kizuri huwa na orodha ya akiba ya watu wa kupigiwa simu. Jiandikishe. Dalili ya kwamba mambo yameharibika ni pale "iliyobaki" inapotajiwa bei, au inapobaki kila siku na kila siku anaitwa mtu wa ukoo uleule.

Na nikitoa kitu kidogo nisogezwe tu?

Hiyo ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji na mpokeaji. Wakubwa wa nchi nyingine nao walijaribu kupita mlango huo. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Argentina alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba watu wa karibu na wakubwa walichanjwa kwa upendeleo, na mwezi huohuo Peru ikagundua kwamba rais wake wa zamani na mamia ya watu walidungwa kimyakimya kabla ya wauguzi.

Nitaitambuaje chanjo ghushi?

Hofu hii si ya kutunga. Uganda, katikati ya 2021, watu wasiopungua 800 waliuziwa sindano bandia, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kilichokuwamo kwenye vichupa kilikuwa maji zaidi. Afrika Kusini polisi walikamata shehena ya dozi bandia katika ghala la jimbo la Gauteng. Walaghai wa namna hii hutegemea haraka ya wanunuzi.

Angalia kichupa kabla ya kudungwa: jina la chanjo, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuguzi hatakasirika ukimwomba akuonyeshe. Bomba la sindano lifunguliwe mbele yako. Nambari ya toleo iandikwe kwenye kadi yako na kwenye rekodi ya kituo, kote kuwili. Baada ya sindano unapaswa kukalishwa dakika 15 uangaliwe kama mwili unaikataa. Anayekudunga nyumbani, akapokea M-Pesa na kuondoka, amekunyima hilo la mwisho ambalo linaweza kuokoa roho hata chanjo ikiwa halali.

Nina nyumba ya wageni Shela na wafanyakazi. Naweza kuwalipia wote ili wageni warudi?

Nia yako ni nzuri, na kila mtu Lamu anajua wageni wakikatika nini hutokea kwa mabaharia, wapishi na wenye punda. Indonesia iliruhusu mpango wa namna hii mwaka 2021: kampuni zilinunua chanjo kwa ajili ya wafanyakazi wao, zikatumiwa aina tofauti na zile za mpango wa bure ili zisichukue za umma, na mfanyakazi hakutozwa. Kwa hiyo linaweza kupangwa, serikali ikipanga yenyewe na kusimamia.

Bila mpango huo, la. Unachoweza ni kuiomba ofisi ya afya ya kaunti ilete siku ya chanjo Shela zamu yenu ikifika, uwape ukumbi, kivuli, maji na boti, na mlango uwe wazi kwa kijiji kizima. Wape wafanyakazi siku ya mapumziko yenye malipo kesho yake, maana homa na maumivu ya mkono huwapata wengi. Na mtu asifukuzwe kwa kuwa zamu yake haijafika.

Hospitali ya binafsi imepewa chanjo na serikali. Inaruhusiwa kunitoza?

Mwaka 2021 chanjo ya korona ilikuwa bure, hata katika hospitali za binafsi zilizopewa na Wizara. Ukitozwa, dai risiti inayoeleza umetozwa kwa lipi, kisha uipeleke ofisi ya afya ya kaunti.

Nasafiri Hija, au kazi za Ghuba. Chanjo ya kulipia itakubalika?

Usiangalie kama umelipia, angalia jina la chanjo. Mwaka 2021 Hija ilikuwa ya wakaaji wa Saudia pekee, 60,000. Mwaka 2022 ikafunguliwa kwa mahujaji milioni moja, walio chini ya miaka 65 na waliochanjwa kwa chanjo zinazokubaliwa na Saudia. Marekani kuanzia Novemba 2021 ilitaka wageni wawe na chanjo iliyoidhinishwa na mamlaka yake au na Shirika la Afya Duniani, na waliochanjwa Sputnik peke yake walibaki nje. Kabla ya kutoa hata shilingi, isome orodha ya nchi unayoiendea. Masharti hubadilika kila msimu, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana.

Kuchanjwa mchana wa Ramadhani kunafunguza?

Wanavyuoni wengi walisema mwaka 2021 kwamba sindano ya msulini haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala haipiti njia ya chakula. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako. Ikikupata homa kali usione haya kufungua, siku ikalipwa.

Nimeshalipia dozi ya kwanza na ya pili imekatika. Nifanyeje?

Usijifiche kwa aibu. Nenda hospitali ya kaunti au kituo kilicho karibu, useme wazi ulidungwa nini, wapi na lini, na uwape kadi. Usianze na chanjo nyingine bila wao kujua ya kwanza, na usikubali kudungwa dozi ya kwanza mara mbili na mtu anayekuambia zote ni sawa. Kuchanganya aina mbili za chanjo kuna miongozo yake, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wake Desemba 2021. Uamuzi ni wa mhudumu aliye na mwongozo wa wakati huo mkononi.

Kama hukupewa kadi, kaa chini leo uandike tarehe, jina la chanjo, mahali, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo usiufute. Kisha waambie wengine mliodungwa pamoja nao waende, hasa wazee, maana wao huenda hawajui kwamba ya pili haiji.